Mkate wa Mdogo Mtu

Mwalimu wa hesabu alikuwa amechoka, hata kukasirika kwenyewe kulimshinda. Msichana wa dawati la mbele alikuwa amelala tena fofofo juu ya daftari, asubuhi yote hiyo, na mwalimu akamtupia maneno yake ya kila siku.

"Mwige mdogo wako! Yuko darasa la pili na anaongoza. Si mmetoka tumbo moja nyinyi?"

Msichana akaamka, akaomba radhi, akakosea saba mara nane. Jana, baada ya chakula cha mchana, alijibu hesabu hiyohiyo kabla swali halijaisha.

Wakati wa mapumziko mwalimu alimkuta mdogo mtu bombani, akamuuliza kama dada yake hulala usiku.

"Analala. Ila asubuhi mkate ni mmoja. Dada husema yeye ameshakula, basi nakula wote."

Mwalimu alirudi darasani akijikokota. Akatoa mkate wake mkobani, akamwekea msichana mbele. Msichana akaunusa, akaufunga vizuri kwenye karatasi, akautia mfukoni.

"Kula, mwanangu."

"Namwekea mdogo wangu, mwalimu. Kesho ana mtihani."