Karatasi ya Juu Kabisa

Mkutano ulifanyika darasa la nne. Wazazi tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia kidevu. Mbele yetu, juu ya meza ya mwalimu, kulikuwa na tamko la nusu ukurasa lililosubiri sahihi yangu.

Miaka sita iliyopita marehemu mume wangu, akiwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi na walimu, alikodi mashine ya fotokopi kwa niaba ya shule. Mashine ilitoa mitihani miaka miwili, kisha ikaanza kutafuna karatasi. Sasa iko stoo, imefunikwa pazia kuukuu, mipira ya watoto imewekwa juu yake. Lakini mkataba ulikuwa hai. Ulijirudia wenyewe kila mwaka mpaka kamati iandike barua ya kuusitisha, na kampuni ilisema barua hiyo haikufika. Madai yao yalikuja kwa jina la marehemu, yakarundikana ofisini bila kufunguliwa. Sasa walitaka kodi ya miaka minne.

Tamko lilisema kwamba marehemu alitia sahihi kwa utashi wake, kamati haikumtuma. Kama mimi mjane ningekubali, deni lingekuwa lake, naye hakuacha mali kwa jina lake. Lingeishia kaburini.

"Shemeji, hakuna anayeumia hapo," alisema katibu, ambaye sote tunamwita Kalamu kwa sababu ya kalamu isiyotoka sikioni kwake. "Mwenyekiti mwenyewe angetuokoa hivyo hivyo."

"Naomba nilisome kwanza."

"Lote?"

"Lote."

"Basi tuagize magodoro," alisema Mama Duka, mweka hazina wetu, na watu wakacheka kidogo.

Sikukasirika. Nilikuwa na mwaka wa pili tu katika masomo ya jioni, katika darasa hilo hilo, na bado nasoma nikifuata mstari kwa kidole. Kwa miaka mingi nilimwomba Mungu anifungue macho nisome neno lake mwenyewe, nisisomewe. Alinijibu nikiwa na wajukuu wawili.

Nilisoma mpaka mwisho. Neno lililonikwama lilikuwa "kinyemela." Mume wangu hakuwahi kufanya jambo kinyemela. Hata kuku akichinjwa nyumbani alitaka kuandika muhtasari.

"Aliandika barua ya kusitisha," nilisema. "Nakumbuka ikiandikwa."

Mtu wa kampuni, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, alifungua faili lake. "Mama, kweli kuna bahasha ilitufikia kutoka hapa, miaka minne iliyopita. Muhuri wa kupokea ninao. Ila ndani yake kulikuwa na hiki."

Aliinua karatasi. Mwalimu mkuu aliichukua, akavaa miwani. "Mtihani wa hesabu. Darasa la tatu. Swali la kwanza, mkulima ana mayai arobaini..."

Darasa zima liliangua kicheko. Mtu mmoja nyuma akauliza kama kampuni ilipata jibu. Hata Kalamu alicheka, na ndiye aliyeipeleka bahasha hiyo kwa mkono wake.

Mimi nililirudisha tamko mezani bila sahihi. Niliomba nipewe mpaka kesho.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule hii. Siku zile mume wangu, Mwenyekiti, aliniletea nyumbani karatasi zilizoharibiwa na ile mashine, nikatie vielelezo vya mikono, mifuko na kola, vya kufuatisha ninapokata kitambaa. Zote kwangu zilikuwa sawa, weupe wenye sisimizi. Asubuhi aliyokwenda kulazwa hospitali, aliweka barua kwenye meza yangu ya kukatia, juu ya rundo hilo. Ilikuwa imechapwa ofisini na kutolewa kwa mashine ile ile.

"Kalamu akija mpe karatasi ya juu kabisa," aliniambia. Hakusema mpe barua. Alijua sijui kusoma, na hakupenda nijisikie vibaya.

Kisha kikaja kitambaa cha sare. Nikasogeza rundo kwa mafungu ili nikitandaze, nikalirudisha bila kuangalia lipi lilikuwa juu. Kalamu alipobisha hodi nilichukua karatasi ya juu kabisa, nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha na kuifunga kwa mate, ionekane ya heshima. Ningeweza kumwambia, hebu tazama kama ndiyo yenyewe. Niliona aibu.

Mwenyekiti hakurudi kutoka hospitali. Sikuiwaza tena karatasi yoyote.

Nilipofika nyumbani baada ya mkutano sikuvua hata viatu. Vielelezo vyangu vinaning'inia kwenye msumari, nimevitunga kwa uzi kwa vipimo. Nilivishusha na kusoma kimoja kimoja. Mfuko: mtihani wa jiografia. Mkono: ratiba ya usafi. Kola ya mtoto wa miaka minane, ninayoitumia kuliko zote, kingo zake zimelegea kwa chaki na pini. Niliigeuza.

"...tunaomba kusitisha mkataba wa kukodi ma..." Halafu mkato wa mkasi. Chini, "...kwa niaba ya kamati ya waza..." na mkia wa sahihi yake, ule aliouburuta kama anafunga mzigo kwa kamba.

Nilipiga magoti. Nilimwomba Mungu nijue kusoma. Sikumwomba nisome hiki. Ningebaki vile nilivyokuwa, ningetia dole gumba kwenye tamko lao na kulala usingizi. Nilikaa hapo mpaka magoti yakafa ganzi, kisha nikasema tu, "Nisaidie nisiifiche."

Siku ya pili niliisoma kola mbele ya wote, kwa kidole. Nikawaeleza nilivyosogeza rundo. Hakuna aliyecheka.

"Mimi ndiye niliyeipeleka," Kalamu alisema kwa sauti ya chini. "Ningeifungua tu."

"Kwa hiyo tunalipa," alisema Mama Duka.

"Tunalipa," alisema mwalimu mkuu. "Alitia sahihi kwa niaba yetu. Imeandikwa hapo."

"Imeandikwa kwenye kola."

"Imeandikwa."

Mtu wa kampuni alipiga picha ile kola. Alisema haiwezi kuhesabiwa kuwa notisi, lakini ataomba tupunguziwe mwaka mmoja, na gari litakuja kuchukua mashine. Miaka mitatu iliyobaki iligawanywa kwa kila mzazi, kwa mafungu. Tamko lilichanwa. Niliomba fungu langu liwe kubwa kuliko la wengine, wakakataa, na baadhi ya waliokataa hawakunitazama usoni.

Tangu hapo familia saba zimepeleka sare zao kwa fundi mwingine. Siwalaumu. Mama Duka ananiuzia chumvi bila kuniuliza habari za nyumbani. Ila akimtaja marehemu, hasemi tena "yule aliyetuponza." Anasema Mwenyekiti.

Kola nilitaka kurudi nayo. Mwalimu mkuu aliniambia, "Samahani mama, sasa ni kielelezo cha kamati, lazima ikae kwenye faili." Aliitoboa matundu mawili pembeni, akaifunga pamoja na mkataba.

Nimechora nyingine kwa kukumbuka, kwenye karatasi safi isiyo na neno. Upande wa kushoto haujakaa sawa. Kila nikishona naomba, na kila mara nafumua.