Bascom Kwanza, Tatro Baadaye

Siku ya mkutano wa mji wa Tunmore, ni marufuku kumsema jirani yako moja kwa moja. Ukitaka kumsema, unamsema kupitia kwa mwenyekiti. Ndiyo desturi ya Vermont tangu enzi za mababu, na watu wa huko wanaipenda, maana maneno makali yakipitia kwa mtu wa tatu hufika yamepoa kidogo lakini bado yanauma vizuri.

Verna Tatro alikaa mstari wa mbele katika ukumbi wa shule, viatu vimejaa tope la Machi, akingoja zamu yake ya kutoa ripoti. Yeye ndiye mwakilishi wa Tunmore katika bunge la jimbo. Historia yake ya uchaguzi watu wanaijua kwa kichwa. Mara ya kwanza aligombea akashindwa na Elwin Bascom kwa kura chache mno, mchana kutwa akalia jikoni. Miaka miwili baadaye akambwaga Elwin, na tangu hapo hakuna aliyemweza. Elwin naye hakukubali kukaa nyumbani. Alihamia ng'ambo ya mto, kwenye shamba la mama yake huko Perham, akagombea huko, akashinda. Basi wakajikuta wote wawili katika bunge moja, na kwa miaka yote hiyo hawajawahi kusalimiana vizuri.

Ila safari hii Verna alikuwa na hofu. Ijumaa, kabla wabunge hawajaachiwa mapumziko ya wiki ya mikutano, mswada wa kukarabati daraja la mbao linalounganisha Tunmore na Perham ulikuwa umeanguka kwa kura moja. Daraja lenyewe lilikuwa limefungwa tangu mafuriko, na watu walikuwa wakizunguka milimani kwenda mahali wanapopaona kwa macho. Kumbukumbu za bunge, ambazo siku hizi mtu anazisoma kwenye simu akiwa kitandani, zilisema wazi: Bascom, Ndiyo. Tatro, Hapana.

"Mwenyekiti," alianza Dot Lafley, dereva wa basi la shule, "naomba umuulize mheshimiwa kama anajua watoto wa Perham wanaamka saa ngapi siku hizi. Na kama hajui, nitampitia kesho kiza kikiwa bado kimejaa, aje aone."

Watu wakacheka. Mwenyekiti Hollis Perrin, mzee aliyeongoza mikutano hiyo hadi nyundo yake ikapinda mpini, akamgeukia Verna.

"Mwenyekiti, mwambie Bi Lafley nimemsikia," alisema Verna. Majibu yake alikuwa ameyapanga tangu Jumamosi. "Mswada ule ulikuwa na gharama kubwa. Nilitaka tupate mpango ulio bora zaidi."

Wengine waliitikia kwa kichwa, nusu wameridhika. Verna alikuwa ameanza kupumua alipomwona mtu anainuka nyuma kabisa, karibu na meza ya maharage ya chakula cha mchana. Alikuwa Royce, mumewe. Royce ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtu ambaye maneno yake ya mwaka mzima hayajazi kikombe.

"Mwenyekiti," alisema Royce, "nina swali kwa mheshimiwa."

"Mheshimiwa ndiye aliyekukaangia mayai leo asubuhi, Royce. Hukuweza kumuuliza huko?"

"Huko hakuna mwenyekiti."

Hollis aligonga nyundo hadi kicheko kikaisha.

"Mimi nikikamua huwa nasikiliza bunge redioni," Royce aliendelea, akiikunja kofia yake. "Karani anaita majina kwa alfabeti. Bascom anaitwa mapema, Tatro anaitwa karibu na mwisho. Sasa naomba mheshimiwa aniambie, ni lini mara ya mwisho alipopiga kura sawa na Elwin Bascom?"

Verna alianza kuzikumbuka kura zake moja moja. Mswada wa nyuki: Elwin ndiyo, yeye hapana. Maziwa ya shuleni: Elwin hapana, yeye ndiyo. Barabara za vumbi, leseni za uvuvi, hata ule wa kumpongeza bibi aliyetimiza umri wa miaka mia, ambao yeye peke yake aliupinga na kusema ni kwa ajili ya kanuni. Alirudi nyuma hadi mwaka wake wa kwanza na hakuona hata kura moja. Joto likampanda shingoni. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, ile ya mtu aliyekuwa akijisifu kwa msimamo kumbe ana kinyongo tu.

Angeweza kusema hakumbuki. Hakuna ambaye angembishia.

"Mwenyekiti," alisema polepole, "mwambie Bwana Tatro sijawahi. Na mwambie kuhusu daraja... hata sikufikiria gharama. Nilimsikia Elwin akisema ndiyo, nami nikasubiri zamu yangu nikasema hapana. Ni hivyo tu."

"Mchuma janga hula na wa kwao," alisema Dot, akasahau kabisa kupitia kwa mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza Hollis hakumgombeza.

"Kuna njia ya kuurudisha mswada?" aliuliza Hollis.

Njia ilikuwepo, na Verna aliijua vizuri. Kwa kanuni za bunge, aliyekuwa upande ulioshinda anaweza kuomba kura ipigwe upya, mradi aombe siku ya kwanza ya kikao kinachofuata. Yaani Jumanne ijayo. Hao wengine wote waliosema hapana walikuwa watu wa mbali, hawajali daraja la Tunmore. Alibaki yeye.

"Nitaomba," alisema. "Na mkiamua kuniondoa kwenye uchaguzi wa Novemba, mtakuwa na haki yenu."

Hakuna aliyepiga makofi. Dot alimpakulia maharage sahani nzima na kipande cha pai ya tufaha na jibini juu yake, akamwekea mbele yake, na hilo Verna alilielewa.

Habari zilivuka mto hadi Perham, nazo siku hizo zilikuwa zinavuka kwa kuzunguka milima, zikawa zinafika zimechoka na kupungua. Elwin Bascom aliambiwa jambo moja tu: Verna ataomba kura ipigwe upya. Hakuambiwa kwa nini.

Jumanne Verna alisimama bungeni, akaomba, akakubaliwa. Karani akaanza kuita majina. Verna aliketi akiwa ameshika ukingo wa dawati.

"Bascom wa Perham."

Elwin, mrefu, masharubu meupe, aliinuka. Mswada huo ameuandika mwenyewe, daraja hilo ndilo alilopitia akienda kumposa mkewe.

"Hapana," alisema Elwin.

Bunge zima liligeuka. Mtu mmoja akaangusha miwani. Verna alimkazia macho ng'ambo ya ukumbi, naye Elwin akamkonyeza kwa furaha kubwa, kama mtu aliyemfungulia jirani mlango. Hapo Verna akaelewa. Elwin alikuwa anajua kwamba yeye humpinga kila kura. Tangu zamani alikuwa anajua, na sasa amesema hapana ili Verna aseme ndiyo.

Majina yaliendelea taratibu kama maji ya mfereji. Ilipofika T, Verna alisimama.

"Tatro wa Tunmore."

"Ndiyo."

Elwin alitabasamu hadi masikioni. Mbunge aliyekuwa akijumlisha kura kando ya Verna akamnong'oneza: Verna ameongeza moja, Elwin amepunguza moja, mswada unaanguka palepale ulipoangukia.

"Kabla karani hajatangaza," alisema Spika, "kuna mjumbe anayetaka kubadili kura yake?"

Elwin alikuwa bado anatabasamu. Verna akainuka.

"Mheshimiwa Spika, naomba kupitia kwako kumuuliza mheshimiwa wa Perham kama amerogwa."

"Maswali hayaruhusiwi wakati wa kura, mheshimiwa. Kaa."

"Nakaa. Ila yeye asikae."

Kicheko kilizunguka ukumbi mzima. Elwin aliangalia dari, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Tabasamu likamwondoka. Akainuka haraka hadi akapiga goti kwenye dawati.

"Bascom wa Perham anabadili! Ndiyo. Ndiyo, jamani."

Mswada ukapita kwa kura moja.

Walikutana kwenye ngazi za nje, theluji inayeyuka chini ya miguu yao. Elwin alivua kofia.

"Wiki nzima nimelala nikiupanga mpango ule," alisema. "Nilihesabu kura yako tu. Yangu nikaisahau."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mswada wa nyuki. Nilidhani utachoka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, Verna? Ningesema acha, ungezidisha."

Verna alicheka, kisha kicheko kikamkatika. "Elwin, hebu fikiria. Wewe ndiyo, mimi hapana. Wewe hapana, mimi ndiyo. Miaka yote hii tumekuwa tunafutana. Watu wa Perham wamekutuma, watu wa Tunmore wamenituma, na hapa ndani hawakuwa na mtu."

Elwin aliigeuzageuza kofia mikononi. Ilionekana kwamba hesabu hiyo nayo hakuwahi kuipiga.

"Itabidi tuwaambie," alisema mwishowe. "Wote, kabla ya Novemba."

"Watatuondoa."

"Watatuondoa, ndiyo."

Verna alivaa glavu zake. Kwa mara ya kwanza tangu aingie bungeni walikuwa wamekubaliana jambo ana kwa ana, na lilikuwa hilo.

"Basi twende kwa gari langu," alisema. "Tuanze na kwenu, halafu kwetu. Tutazunguka milima, tutakuwa na muda wa kupanga maneno."