Goti la Jumamosi

...simulia, Bi Ozella, simulia, kana kwamba yeye ni redio ya kubonyezwa, na hii pai ya viazi vitamu inamchoma vidole kupitia kitambaa, na huyu Tripp, mchumba wa mjukuu wake, kijana wa meno mazuri na akili ya kuazima, amesimama mbele ya ile picha ya ukutani, ile ya marehemu Clovis mumewe, kocha, kabebwa juujuu na wachezaji mwaka alipochukua ubingwa wa shule za Alabama, "tuambie basi, Bibi, wanasema siku ile aliwachinja watu," ndiyo, aliwachinja, kaa ule, mtoto wa watu, leo si siku ya picha, leo ni siku ya televisheni, na humo kwenye televisheni wale mabwana wa tai wanataja timu za vyuo za mpira wetu huu wa kubeba mikononi na kuvuka nao mstari, zitakazogombea ubingwa wa nchi nzima, kumi na mbili, moja moja, polepole kama mganga anayetaja mchawi, kumi na moja wamekwisha kuzitaja, imebaki moja, na kabla ya kuitaja wameleta tangazo la dawa ya kiungulia, wanajua kazi yao hao... timu ya Dorsey haijatajwa, Dorsey mwanawe, tumbo lake hili hili, kocha wa Nyumbu wa chuo cha Wetoka, wala Kambare wa Pinder hawajatajwa, mahasimu tangu enzi za mababu, nafasi moja, timu mbili, na matajiri wa chuo walikwisha kumwambia Dorsey bila kupepesa jicho, ukiingia kumi na mbili unabaki, usipoingia ufungashe, na alikuwa ameingia! alikuwa ameingia kwa miguu yake mwenyewe, Jumamosi iliyopita, kawafunga Kambare kwao, ishirini na nne kwa ishirini, na mpira uko hatua mbili tu kutoka mstari wao, wamechoka, ndimi nje, mlango wazi, vuka mwanangu, ongeza, wazike kabisa, na Dorsey akafanya nini, akainua mkono akaamuru goti, kijana wake akapokea mpira akapiga goti chini kama yuko madhabahuni, goti la kusema hatuongezi tena, wakaiacha saa ijiishie, ati heshima, ati aliyekwisha kuanguka hakanyagwi, na Ozella alikuwa palepale jukwaani na blanketi miguuni, akamwita mwanawe mpumbavu kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza karanga, na leo bado anamwita, mpumbavu, mpumbavu, heshima ina pointi ngapi pale kwenye ubao...

"Mimi sisemi hamkutushinda, Bibi," anasema Tripp, shabiki wa Kambare, masikio ya nyumbu ya kitambaa yakimning'inia kichwani, maana ndiyo desturi ya nyumba hii, aliyefungwa anakula chakula cha Jumapili kavaa masikio ya aliyemfunga, "nasema hamkutushinda vya kutosha. Wengine wote sisi tumewapiga hamsini, sitini. Kamati inaangalia hayo." Vya kutosha! ushindi ni kama mimba, ama ipo ama haipo, nani aliwahi kusikia mwanamke ana mimba isiyotosha, na hiyo kamati ni watu gani, watu waliofungiwa hotelini na mapochopocho, hawakukaa kwenye baridi ile, hawakusikia mifupa ikigongana, wao wanatazama namba, mchuzi wanauhukumu kwa kutazama sufuria... "Kula, wewe Kambare," anasema, "kabla hujakaangwa," na watu wanacheka, na Tripp naye anacheka, si mtoto mbaya, ila anarudi palepale kwenye picha, "lakini babu Clovis yeye asingepiga goti, eti Bibi? Angetuongezea," na Ozella anajikuta anajibu, "Asingepiga. Yule angeongeza," na sauti imetoka na majivuno, ameisikia mwenyewe, kisha akasikia kigoda kikikwaruza sakafu.

Wendell huyo, anausogeza mguu. Mtoto wa dada yake. Yuko kwenye kiti kizuri karibu na dirisha, ndiyo nafasi yake kila Jumapili, mguu wa kushoto umenyooka juu ya kigoda kama ubao, haukunjiki, haujakunjika tangu... sahani iko pajani, anapangusa mchuzi na mkate wa mahindi, mvi zimemjaa, anamtazama tu yule kijana mwenye masikio ya nyumbu, halafu anasema taratibu, hamsemeshi mtu, "Goti zuri lile la Dorsey. Nimelipenda," na anarudi kwenye mkate wake, na tangazo la kiungulia limekwisha, limekuja la magari makubwa, na Ozella bado kashika pai...

goti zuri, anasema, yeye mwenye goti baya, ee Mungu wangu, maana siku ya picha ile magazeti ndiyo yaliyokuwa yakipanga nani wa kwanza nani wa pili, na Clovis alikuwa wa pili, na wa pili alikuwa halali usingizi, anageukageuka kitandani kama samaki kwenye kikaango, "wanataka pengo la pointi, Ozella, wanaandika pengo," na mchezo wa mwisho ukawa na kile kishule cha ng'ambo ya mto ambako dada yake aliolewa, vijana wembamba, kofia za kuchezea zimepasuka rangi, na Wendell mmoja wao, wa pekee aliyekuwa na kipaji, Wetoka walikwisha kumwahidi masomo ya bure aje awachezee, na Clovis alikuwa mbele kwa pointi arobaini, arobaini! saa inakata roho, wachezaji wake wenyewe wanamgeukia wakingoja aseme goti, na akasema, "Tena!" Ozella aliisikia, tena, na alikuwa anapiga makofi, wakavuka tena, na Wendell, ambaye hakuwa na chochote cha kuokoa pale isipokuwa jina la mama yake, akajitupa chini ya lile fungu la watu, na ule mlio, kama ukuni mkavu, hadi jukwaani... Jumatatu gazeti likamweka Clovis wa kwanza, wakambeba, wakampiga picha, yule anacheka, tazama alivyocheka...

"Bibi, wanarudi, wanarudi!" na mabwana wa tai wanarudi, mmoja ameshika bahasha, anaizungusha, bado anazungumza, anazungumza nini, pengo, uzito wa ratiba, maneno, na Ozella anamwona Dorsey jinsi alivyoinua mkono juu kule uwanjani, uso mkavu, hakufundishwa uso ule na mama yake, mama yake alipiga makofi, aliutoa kwa baba yake, si Clovis wa kwenye picha, Clovis yule mwingine, wa baadaye, na kumbe ndiyo hiyo, kumbe mtoto aliona yote, basi mtaje, msimtaje, afungashe aje kwake, vyumba vipo...

"Bibi, weka pai, utaungua," anasema Tripp, na anaizuia kwa chini na mikono yake mitupu, huyo, na Ozella anasema, "Hebu iteremshe picha hiyo, inakutia ujinga," kisha anaona haitoshi, kijana ameuliza hadithi apewe iliyobaki, maana Wendell alipotoka hospitali hakumtukana Clovis, alisema tu, "Baba mkubwa, ng'ombe ninao, ua limeanguka, mguu sina. Njoo Jumamosi. Redio uiache kwako," na Clovis akaenda, mtu aliyekuwa akiota mpira na kuutafuna, kila Jumamosi ya msimu, saa za michezo ya vyuo hasa, akichimba nguzo na kuvuta waya mpaka mwaka alipokufa, hata Jumamosi ile Dorsey mwenyewe alipovaa jezi ya Wetoka kwa mara ya kwanza dhidi ya Pinder, akiwa uani kwa Wendell akasikia magari yanapita barabarani yakipiga honi, honi za furaha, asijue ni furaha ya nani, na hakuuliza, alikaza waya, akanawa mikono, na hakumwona mwanawe akicheza hata siku moja.