Kachura Keupe ka Nabintu

Wivu ya Uwera ilianza siku Joséphine alipita mbele ya mulango yao bila hata kusema bonjour, akaingia moja kwa moja kwa jirani, kwa Nabintu. Joséphine! Rafiki yake wa tangu zamani, mwenye alikuwa anakujaka kila siku nyuma ya masomo, banakaa chini bote bawili, banalinganisha rangi za tuchura!

Mbele Nabintu ahamie Kamembe kutoka Bukavu, ukitaka kuona tuchura tuzuri ulikuwa unaenda kwa Uwera, bwana. Alikuwa anatuokotaka mu majani ya bonde, kule Mururu, anatuweka mu bokali, zile chupa za mayonnaise, anatuficha chini ya kitanda juu mama yake alikuwa anatuogopa. Ka mistari, ka madoadoa, ka miguu myekundu kama tomate: yeye njo alikuwa anatujua.

Sasa Nabintu iko na keupe. Keupe pe, kama maziwa! Bokali iko ku dirisha, jua inapiga ndani, na Joséphine ameweka picha ya kale kachura mu statut ya telefone yake: "Malkia wetu." Uwera aliangalia ile statut mpaka foufou yake ikapoa mu sahani.

"Nabintu amekapaka chaki," alimuambia Joséphine.

"We Uwera, wivu itakumaliza! Nimekashika na hii mikono yangu."

Mikono yake! Hapo roho ikamuuma kabisa.

Siku ya dimanche, bantu bote ba kwa Nabintu bakiwa ku misa, Uwera aliruka lupango ya jirani mpaka ku ile dirisha. Akatoa keupe, na juu hakutaka bakute bokali tupu, akaacha mule kachura kake kamoja ka rangi ya matope. Akakimbia na malkia, akakatia mu bokali yake, akaisukuma chini ya kitanda. Alikuwa anacheka peke yake. Joséphine atarudia tu!

Kesho yake akamuita.

"Kuja uone kitu, ma chérie. Funga macho. Haya, fungua!"

Joséphine akafungua. Akainama. Akamuangalia.

"Hii matope njo umeniitia?"

Uwera akainua bokali. Malkia alikuwa matope, matope kabisa! Mbele aseme neno, sauti ikatoka ku dirisha ya jirani:

"Joséphine! Kuja uone, leo keupe kupita zamani!"

Bakakimbia bote bawili. Mu bokali ya Nabintu, mu jua kali, kachura ka Uwera kalikuwa kanang'aa kama chumvi.

"Asubuhi kukiwa baridi, kanakuwaka kama matope," Nabintu akasema, anacheka. "Jua ikipanda, kanageuka. Mu giza hakawezi. Shika, dada Uwera, wewe njo unajuaka rangi."

Uwera hakushika. Alikuwa anaona tu vile Joséphine ameegemea bega ya Nabintu, na kachura kenyewe, kenye yeye aliokota na mikono yake, kanapendeza mu nyumba ya bengine.

"Hako ni kangu!"

"Kako namna gani?" Nabintu akauliza.

Joséphine akatoka polepole ku ile bega. Akaangalia bokali, akaangalia Uwera.

"Jana nilikuwekea nafasi ku misa," akasema. "Mbona haukukuja?"