Uzito wa Difu ya Nyuma

Siku Mwalimu Efrazia alipomwita Rukaya "fundi wangu", Valentino alikuwa amelala chali chini ya basi la shule, bolti ameibana kwa midomo, na nusura aimeze. Fundi wangu! Kwa miaka kumi na minne jina hilo lilikuwa lake peke yake, tena hakulipata bure. Alilipata kwa mgongo, kwa magoti, na kwa grisi iliyokataa kutoka kwenye kucha hata siku ya Pasaka. Leo anapewa binti wa miaka ishirini na sita, aliyekuja kutoka Misima wiki tatu tu zilizopita, na begi la vifaa ambavyo havina hata mkwaruzo.

"Abee, Mwalimu," Rukaya aliitika kule nje kwa adabu.

Hiyo adabu nayo ilimkera. Angekuwa binti jeuri, kumchukia kungekuwa kazi rahisi. Lakini kila asubuhi alimwendea palepale alipo, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo mzee." Valentino akalazimika kusema "Marahaba" huku kijiba cha roho kimemjaa.

Shule ile ya Kwamndolwa ilikuwa ya kutwa tangu ianzishwe, na sasa Mwalimu Efrazia, mkuu wake, alikuwa anafungua bweni. Jumatatu basi lingekwenda Misima kuchukua wanafunzi sitini wa upande wa Handeni, pamoja na matranka yao, magodoro yao na magunia ya mahindi ya wazazi. Kwa hiyo alitaka kuongeza viti vya nyuma na kufunga keria juu ya paa. Ila Mwalimu alikuwa mtu wa hisabati, na mtu wa hisabati hapakii kitu kwa kukisia. Basi lenyewe lilikuwa la mwaka tisini na mbili, kitabu chake kilishaliwa na mchwa zamani. Akasema anataka kwa maandishi, ekseli ya mbele inabeba kilo ngapi na ya nyuma kilo ngapi. Kazi hiyo akampa Rukaya.

"Mwalimu, gari hili nalijua mimi," Valentino alilalamika.

"Unalijua, Baba Dominiko, nani anabisha? Lakini nikikuuliza kilo unaniambia 'linabeba tu'."

Ilimuuma kwa sababu ilikuwa kweli.

Rukaya akaanza kutafuta kibati, kile kipande cha bati ambacho kiwanda hukipigilia kwenye gari na kukichonga uzito ambao kila ekseli inaweza kuhimili. Alitafuta kwenye fremu ya mlango, chini ya kiti cha dereva, ubavuni mwa injini. Siku mbili nzima alikuwa anainama na kuinuka na tochi mkononi. Valentino akaweka kigoda chake mahali pazuri, akanywa chai, akamtazama. Kibati alikijua kilipo. Kilikuwa kwenye ukuta nyuma ya kiti cha dereva, na yeye mwenyewe ndiye aliyekipaka rangi ya njano, mara tatu, kila basi lilipopakwa upya.

"Mzee, hukuwahi kuona kibati chenye namba humu ndani?" Rukaya alimuuliza siku ya pili, jasho likimtoka.

"Gari la zamani hili, binti yangu. Vitu vingi vimeshakwenda na maji."

Alisema hivyo akaona chai yake imeongezeka sukari.

Siku ya tatu Rukaya aliacha kutafuta kwa macho, akatafuta kwa mikono. Alipapasa kuta za basi taratibu, kutoka mbele kwenda nyuma, mpaka vidole vikagota kwenye vichwa vinne vya ribiti, misumari ya kibati, chini ya rangi. Akachukua kitambaa chenye tina ya kuyeyusha rangi, akasugua. Namba zikatokea: mbele kilo elfu tano, nyuma kilo elfu tisa. Mwalimu alikuja mbio kutoka ofisini, akasoma, akapiga makofi.

"Jamani, binti huyu ana macho kwenye vidole! Fundi wangu, umeniokoa."

Valentino aligeuka akajifanya anatafuta spana. Roho ilimuuma kama jino bovu lililoguswa na maji ya baridi. Lakini chini ya yale maumivu kulikuwa na kitu kingine, kitamu, na alikiramba polepole: namba ya nyuma haikuwa ya kweli.

Aliyejua hivyo alikuwa yeye peke yake. Miaka saba nyuma, wiki ya mtihani wa darasa la saba, difu ilivunjika njiani, kule Kerenge. Difu ndivyo mafundi wanavyoiita ekseli yote ya nyuma, gamba lake na kila kilichomo ndani. Valentino alizunguka kutafuta nyingine kama ile, hakupata. Alichopata, kwa mzee Sadala muuza vyuma chakavu kule Handeni, kilikuwa difu ya lori dogo. Akaileta. Propela, ule mtaimbo unaoizungusha difu kutoka kwenye giaboksi, haikuenea, akaikata na kuichomelea. Siku ya tatu basi likasimama mbele ya shule, na Mwalimu akawaambia wanafunzi mstarini, "Mpigieni fundi wangu makofi ya kilo!" Yakapigwa, yakapigwa tena. Katikati ya kelele hizo Mwalimu akamuuliza, "Kwa hiyo ulipata nyingine ya namna ileile?" Nani angekatisha makofi yale? Valentino akajibu, "Ileile, Mwalimu."

Toka hapo basi lilibeba watoto thelathini wa mjini na mikoba yao, halikulalamika. Uongo ukazeeka salama, mwenyewe akaanza kuusahau.

Sasa kama wangepanda sitini, na magunia juu ya paa, difu ile ingezidiwa. Valentino alijua jinsi inavyokuwa. Beringi hupata moto, shafti hukatika, na gurudumu huchukua njia yake kwenye mteremko. Hayo alijua, lakini aliyasukuma pembeni. Halitafika huko, alijiambia. Springi zitalala kidogo, basi litakwama, Mwalimu atauliza ni nani aliyeandika kilo elfu tisa kwenye karatasi, na kila mtu atamtazama binti. Wivu nao una hisabati zake, ila watoto hauwahesabu.

Hakujua kwamba Rukaya hakuwa amemaliza kazi. Alasiri hiyohiyo aliingia chini ya basi, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka hakwenda ofisini. Alikwenda kuchuchumaa karibu na kigoda cha Valentino, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Mzee, samahani. Propela imekatwa ikachomelewa. Na namba iliyo kwenye gamba la difu si ya basi hili. Mwalimu sijamwambia. Nimeona nikuulize wewe kwanza, ndiwe mwenyeji wangu hapa."

Angemjia juu, Valentino angejua la kufanya. Angeenda moja kwa moja kushtaki, angalau angepata sababu ya kumchukia. Lakini kuja hivi, kwa upole, na kumwachia mlango wazi! Uso ulimwaka moto. Huyu mtoto sasa ndiye wa kumhurumia yeye?

"Difu ni ileile," alisema. "Umetoka chuoni juzi, leo unataka kunifundisha difu? Kabla hujazaliwa mimi nilikuwa nazilalia."

"Basi, mzee. Yaishe," Rukaya alisema, akaondoka.

Ijumaa hakuonekana kazini. Valentino alijisemea kwamba amekimbia, akapiga mluzi kutwa. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hawakusema jinsi mwongo anavyoitembea kwa raha kabla haijaisha.

Jumamosi asubuhi Mwalimu aliwaita wote wawili ofisini. Mafundi wa kuchomelea walikuwa wameshaleta vyuma vya keria, vimelazwa barazani. Rukaya alikuwa amesimama mbele ya meza na karatasi mkononi, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu.

"Mwalimu," alianza, "ile namba ya nyuma tusiitumie. Difu ilishabadilishwa zamani, iliyopo ni ya lori dogo. Jana nilikwenda Handeni kwa mzee Sadala. Lori ilikotolewa bado liko uani kwake, miti imeota ndani yake, lakini kibati kipo mlangoni. Nyuma ni kilo elfu sita na mia tano. Tukipakia kama tulivyopanga, difu haitahimili."

Mwalimu alivua miwani. "Ilibadilishwa? Na huyo Sadala ulimjuaje?"

Rukaya alimtupia Valentino jicho. Haya, Valentino alijisemea, sema. Mwaga mboga.

"Ni mzee Valentino aliyenielekeza," Rukaya alisema. "Aliniambia kila kitu. Wakati ule mlikuwa na pilikapilika za mtihani, labda alikuambia ukasahau. Bila yeye nisingejua hata pa kuanzia."

Uso wa Mwalimu ulilegea. Akamgeukia Valentino kwa tabasamu ambalo hakuliona tangu binti yule aje.

"Kumbe, Baba Dominiko! Ndiyo maana nasema uzoefu hauuzwi dukani. Asante sana, fundi wangu."

Lilikuwa jina lile alilolililia siku zote hizo. Alichotakiwa kufanya ni kutikisa kichwa tu. Mimi na wewe tungetikisa, tukaenda zetu kunywa chai. Lakini Valentino alilitazama jina hilo akaona limetoka mkononi mwa nani, na mkono huo hakuweza kuuvumilia. Kwanza alinyang'anywa heshima yake, sasa anarudishiwa kama mtoto anayekatiwa kipande cha nyama na mkubwa wake? Na kila siku atakapoitwa hivyo, binti huyu atakuwa pembeni, anajua, ananyamaza, anamwamkia shikamoo! Bora fedheha kuliko sadaka hiyo.

"Mwongo huyu!" alipaza sauti. "Sikumwelekeza popote. Aliniuliza, nikamkatalia. Difu niliifunga mimi, nikakwambia ni ileile, na haikuwa ileile. Hata kibati nilijua kilipo, nikamwacha akitafute siku tatu. Asinipe cha kwake. Sikitaki!"

Alimaliza akihema, kifua mbele, kama mtu aliyeshinda kesi. Aliyajua yote tangu mwanzo, yeye, si binti. Sasa hilo lilikuwa wazi.

Mwalimu hakumtazama. Alimtazama Rukaya.

"Ni kweli? Umenidanganya mbele ya meza yangu?"

"Ndiyo, Mwalimu," Rukaya alisema. "Sadala namjua tangu utotoni, kwetu vyuma chakavu vyote hupitia kwake. Nisamehe." Aliinamisha kichwa, na karatasi ikaanza kukunjika mkononi mwake.

Kwa wiki tatu Valentino aliiombea sura ile ianguke. Alipokuwa akilala, alipokuwa akila, aliiona ikianguka, akafurahi. Leo ilianguka hatua mbili kutoka aliposimama, na haikuwa na utamu hata wa punje. Aliona tu binti wa watu mwenye viatu vya vumbi, aliyekwenda Handeni na kurudi ili watoto wa kijijini kwao wasianguke njiani, na akiwa huko akapata nafasi ya kumfikiria na yeye. Aibu ikamshika, safari hii ile yenyewe.

"Mwalimu," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka, "kilo alizoandika ni za kweli. Lori nalijua. Usimwondoe. Kama kuna wa kuondoka, ni mimi."

"Sijasema naondoa mtu. Keria haifungwi, na Jumatatu tutakwenda Misima safari mbili, watoto thelathini thelathini. Mahindi yatafuata na lori." Mwalimu alivaa miwani yake, akaichukua karatasi kutoka mikononi mwa Rukaya, akainyoosha juu ya meza. Kisha ndipo alipomtazama Valentino, bila ukali wowote, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyekosea hesabu rahisi.

"Huyu amenidanganya siku moja, kwa ajili yako. Wewe umenidanganya miaka saba. Ilikuwa kwa ajili ya nani?"

Valentino alifungua mdomo. Alitaka kusema kwa ajili ya mtihani, kwa ajili ya watoto, kwa ajili ya shule. Barazani mafundi walikuwa wameanza kukusanya vyuma vyao.

"Kwa ajili yangu, Mwalimu," alisema.