Ndama Aliyelelewa Jikoni

Kijana, fahali wetu, alikuwa amekata kamba. Alisimama ubavu, shingo ameikunja, jicho moja likimtazama mwanangu Zita. Mtoto alikuwa katikati ya ua, amenyoosha kiganja chenye chumvi, anacheka.

"Zita, usikimbie," nilimwambia nikiwa kwenye kamba ya nguo. "Simama hapohapo, mama anakuja."

Wala hakuwa na wazo la kukimbia. Kwake Kijana hakuwa fahali, alikuwa ndugu. Ng'ombe wetu pekee alikufa akimzaa, mwezi wa saba, baridi ya Makambako imeunguza hata majani ya viazi. Mama mkwe wangu, Cresensia, akambeba yule ndama hadi jikoni, akamlaza karibu na moto, akamnywesha maziwa kwa chupa ya soda. Jirani yetu Clemens alisema aletwe akae na ndama wake. Mama akakataa, eti banda la Clemens linapitisha upepo kama chekecheo. Basi Kijana akakulia jikoni na Zita, ambaye alijifunza kusimama kwa kushika shingo yake. Kila jioni ndama alimsukuma Mama kwa paji la uso, Mama naye akamsukuma, tukacheka, akapewa chumvi.

Alipokua tulimpeleka kwenye mitamba ya Clemens. Aliwanusa, akarudi nyuma, akaja kusimama katikati yetu sisi watu. Clemens alicheka mpaka akakaa chini, akasema huyu atafutiwe mchumba kwenye kwaya ya kanisa. Kicheko kiliisha wiki iliyopita, Kijana alipomwangusha Clemens huyohuyo na kumburuza hadi kwenye mahindi.

Ndipo akaja Prisila, afisa mifugo wetu hapa Mahongole. Alieleza kwa upole kwamba siku za mwanzo ubongo wa ndama ni kama udongo mbichi. Anaolala nao na kucheza nao ndio anaowajua kuwa wenzake maisha yote.

"Hawachukii ninyi," alisema. "Anajiona mmoja wenu. Sasa amekuwa dume, anataka kujua mkubwa wa nyumba hii ni nani."

Alitufundisha kwamba akigeuza ubavu anaonyesha ukubwa wake, na asipewe mgongo. Akashauri auzwe kabla hajaua mtu. Mama alimsikiliza, akamwongezea chai, kisha akasema mtoto aliyemlea kwa chupa hauzwi. Mume wangu Brayson yuko Iwawa kwenye viazi. Nilipompigia alisema nimsikilize mama yake.

Sasa, pale uani, Kijana alianza kuparura ardhi. Nilisogea polepole na shuka lililolowa mkononi, nisimtazame machoni, nisikimbie. Mama akatokea nyuma ya nyumba, akaona.

"Kijana," aliita, kwa sauti ileile ya chupa. "Njoo kwa mama."

Fahali akamgeukia. Mama akapita kati yake na mtoto, mkono mbele. Nikamnyakua Zita, nikamvusha juu ya uzio. Nilipogeuka, Kijana alikuwa amembana Mama kwenye ukuta wa jiko, paji la uso tumboni, anasukuma. Hakuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa mchezo wao wa jioni. Mama alifungua mdomo na sauti haikutoka.

Nilimrushia shuka usoni. Akarudi nyuma akitikisa kichwa, nami nikausukuma mlango wa jiko wazi kabisa. Shuka lilipoanguka alinusa moshi. Akainamisha pembe, akajipenyeza mabega yakikwaruza fremu, akaingia. Nikatia komeo.

Mama alikaa chini palepale, ameshika mbavu. Nilimuuliza kama anapumua vizuri, akaitikia kwa kichwa. Ndani Kijana alianza kulia, si mlio wa fahali, ule wa ndama anayetaka maziwa. Zita, upande wa pili wa uzio, naye akaanza kulia, anataka aende kwa Kijana wake.

Mama aliweka kiganja kwenye mlango, akakaa nacho hapo.

"Mama Zita," alisema mwishowe, "mpigie Prisila. Atafute mnunuzi leo."

Simu nilikuwa nimeshaitoa.

"Hela yake inunue mtamba. Akizaa, ndama akakae na wa Clemens tangu siku ya kwanza." Akavuta pumzi, ikamuuma. "Kama ni baridi, mimi nitampelekea blanketi."