Kicheko cha Nje ya Dirisha

Watu wengine wakiangalia filamu hutulia. Editha hakuumbiwa utulivu. Alikuwa fundi cherehani wa Singida mjini, na kila jioni saa kumi, runinga ikirudia vichekesho na filamu zetu, alishika simu na kuwarekodia wenzake sauti kwenye kundi la Watsapu. Mwanamke wa kwenye filamu akiamka usingizini na wanja na kope za bandia, Editha husema, "Jamani, huyu alilala au katoka harusini?" Jambazi akipigwa risasi tatu halafu akaanza kuhutubia, huuliza kama anakufa au anagombea udiwani. Mwimbaji akizidisha kulia kwenye wimbo, humwambia akanywe maji apumzike. Kundi lilikuwa na watu themanini, kutoka Issuna hadi Kinampanda, wengine hata runinga hawana. Walizingoja sauti hizo kuliko vichekesho vyenyewe.

Halafu akaja baba mkwe.

Mzee Melkizedeki aliletwa kutoka Mungaa kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikwisha kufa zamani. La kulia likafungwa bandeji. Akaketishwa sebuleni, na runinga iko sebuleni. Sasa, ukoo wa Gasto, mume wa Editha, una mwiko wake: mke wa mwana haketi chumba kimoja na baba mkwe, wala hacheki mbele yake. Atapiga goti mlangoni, "Shikamoo, baba," ataweka chakula, ataondoka. Gasto mwenyewe alikuwa safarini na lori la alizeti. Mwiko ulilindwa na dada yake, Damari, aliyekuja kumuuguza baba, na kazi hiyo ya ulinzi hakungoja kupewa na mtu.

Editha hakubishana. Alihamishia cherehani uani, chini ya dirisha la sebule, akasogeza pazia kidogo, akaendelea kuangalia kutokea nje. Chumbani hayumo, mbele ya mkwe hayupo. Mwiko gani umevunjwa?

Siku ya nne Damari akatoka, mikono kiunoni.

"Wifi, kicheko chako kinafika kwa majirani. Baba anakaa kimya tu. Huoni kwamba amekasirika?"

"Amekwambia?"

"Mtu mzima mpaka aseme? Jitoe kwenye hilo kundi, na masauti yako uyafute yote. Wewe ni mke wa mtu, si redio."

Editha akaachia pedeli ya cherehani.

"Wifi, nyumba hii napika, nafua, nashona mpaka mgongo unauma. Yote hayo nayafanya kimya. Kucheka siachi. Mkitaka mke asiyecheka, mwozesheni kaka yako gunia."

Damari alisonya, akaingia ndani, akafunga dirisha na kulitia komeo.

Ilimuuma Editha. Ilimuuma kuliko alivyotegemea, kwa sababu katika siku nzima ile ilikuwa saa yake moja tu. Angeweza kurudi kwenye cherehani yake. Wengi wamerudi, wakaitwa wake wema, wakazeeka na nyuso zimekunjamana. Yeye akainuka, akasogea mpaka pua ikagusa kioo, akawasha simu na kupaza sauti.

"Haya, jamani! Bosi ameingia, suti imembana kama gunia lililoshindiliwa. Anakaa... anakaa... kiti kimevunjika! Mwoneni mlinzi, anajifanya anatafuta sarafu chini ili asionekane anacheka!"

Alijua mzee anasikia. Hata hivyo sauti hakuishusha. Akacheka kicheko chake chote.

Ndani, kiti kikakwaruza sakafu.

"Si nilisema!" Damari akapiga kelele. "Baba ameinuka!"

Komeo likafunguka. Editha akapiga goti pale pale mchangani, simu ingali inarekodi. Dirishani ikatokea bandeji nyeupe, na mkono wa mzee ukipapasa ukingo.

"Damari," mzee akasema, "siku nne nimekaa mbele ya sanduku hili. Nasikia watu wanacheka, sijui wanacheka nini. Huyu wa nje ndiye aliyekuwa ananionyesha. Wewe umenifunga bandeji ya pili."

Damari akarudi nyuma hatua moja.

"Lete kiti changu hapa dirishani. Yeye huko nje, mimi humu ndani. Mwiko hauna kidonda."

Kiti kikaletwa. Mzee akakaa, uso ameuelekeza ukutani, kama inavyompasa mkwe.

"Haya," akauuliza ukuta. "Huyo mlinzi ameipata sarafu yake?"

"Hajaipata, baba," Editha akajibu kutoka mchangani. "Sasa anatafuta na bosi."

Mzee Melkizedeki akaguna, akajizuia, akashindwa. Kikamtoka kicheko kikubwa, cha mtu aliyekuwa amekinyima nafasi siku nyingi.

Sauti ya jioni ile ilifika kundini ikiwa na vicheko viwili, na Editha hakufuta hata kimoja.